Jiwe la Kupaka kwa Brashi

Siku hizi chokaa imeshushwa cheo. Utaiona kwenye mawe yaliyopangwa kando ya njia ya shule, kwenye mashina ya miembe ya kambini, kwenye mistari ya uwanja wa mpira wa mtaani, au kwenye kaburi lililopaliliwa kabla ya Idi. Mwenye nyumba anayejali macho ya majirani hununua rangi ya ndoo yenye picha ya sebule isiyo na mtu, na chokaa huachiwa aliyeishiwa. Mimi naisifu mbele ya hao hao wanaoidharau, na naanza na lile wanalolihesabu kuwa aibu yake: kwamba haikai. Ni kweli haikai. Masika mawili matatu yakiipiga inalika, ukuta unaoelekea kusi unaanza kuonyesha jiwe, na mwenye nyumba hana budi kurudi na ndoo. Lakini tazama inavyoondoka. Rangi ya plastiki ikishindwa hubanduka magamba magamba, na kabla ya kupaka upya lazima ukwangue hadi mkono ufe ganzi. Chokaa hupungua polepole mahali pake, na mkono mpya, yaani tabaka jipya, ukipita juu yake unashikana na ule wa zamani bila ugomvi. Kitu kinachojua kuchakaa namna hiyo kinastahili heshima kuliko kile kinachojitapa kudumu miaka kumi kwenye tangazo.

Sababu iko katika asili yake, ambayo hapa pwani ni tumbawe. Tumbawe, sawa na jiwe lolote la chokaa, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Likichomwa hadi kufikia kiasi cha nyuzijoto 900, huachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake: kilo 100 za jiwe safi hupoteza kilo 44 na kubaki kilo 56. Kinachobaki ni chepesi, cheupe, na kina kiu kali. Kikipewa maji hufoka na kuchemka, kikasambaratika kuwa unga, au uji ikiwa maji ni mengi. Uji ule ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa, kidogo kidogo, kwa siku na wiki na miezi, mpaka umerudi kuwa kalsiamu kabonati kama ulivyokuwa mwambani. Kwa hiyo aliyepaka chokaa hakupaka rangi hata kidogo. Amelivunja jiwe kwa moto, amelilainisha kwa maji, kisha amelirudisha kuwa jiwe ukutani, jembamba mno, kwa brashi. Ndiyo maana mkono mpya na wa zamani haigombani: yote ni jiwe moja, na ukuta wa chini yake, ukiwa wa matumbawe, ni ndugu yao.

Pwani yetu iliijua kazi hii mapema. Meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, mwandishi wa shajara ya safari ile alitaja nyumba ndefu, madirisha mengi, na kuta zilizopakwa chokaa vizuri. Hakuandika mengi zaidi juu ya sura ya mji, na sishangai, kwa kuwa aliyekaa miezi baharini huona kwanza kinachong'aa. Lakini kufikia siku hiyo ufundi wenyewe ulikuwa mzee. Karne ya 14 ilipokuwa bado changa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alikuwa na kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, na jengo lote hilo lilishikwa na chokaa iliyotoka kwenye matumbawe ya hapo hapo. Wareno nao waliacha nguzo yao ya msalaba Malindi, na nguzo hiyo imesimama mpaka leo juu ya kitako cha mawe ya matumbawe kinachopakwa weupe. Mgeni aliyesifu kuta za wenyeji akaishia kuvishwa vazi lao.

Tanuri la chokaa la kizamani halikuwa jengo. Lilikuwa rundo. Magogo yalipangwa duara juu ya kiwanja kilichosafishwa, mazito chini na membamba juu, safu juu ya safu, mpaka rundo likazidi kimo cha mtu; katikati ikaachwa nafasi ya kuwashia; juu kabisa yakamwagwa vipande vya matumbawe vilivyovunjwa kwa nyundo. Likishawashwa halikuzimwa. Kuni zilipoteketea, mawe yalishuka taratibu hadi kwenye majivu, yamekuwa meupe na mepesi mkononi. Kisha yakanyunyiziwa maji, au yakaachiwa umande na mvua, yakavunjika yenyewe kuwa unga.

Naisifu kazi, lakini sina nia ya kuficha gharama yake. Katika karne ya 19, sehemu kubwa ya mawe, kuni na maji ya miji hii ilibebwa na watumwa, na ukuta mweupe wa muungwana ulikuwa na migongo mingi nyuma yake. Misitu nayo ililipa: mikoko, minazi iliyozeeka, miembe, chochote kilichowaka. Na bahari ililipa pale watu walipoacha mawe ya mwamba wa kale ulio nchi kavu wakaenda kung'oa matumbawe hai kwa mitaimbo. Kisiwani Mafia jambo hilo lilikuwa kubwa kabla na wakati hifadhi ya bahari ilipoanzishwa mwaka 1995. Anayetaka chokaa leo hana sababu ya kugusa mwamba ulio hai. Mfuko wa chokaa ya mawe ya Tanga, au ya Koru kwa aliye upande wa Kenya, hufanya kazi ile ile, na samaki wakabaki na nyumba yao.

Mfuko huo wa dukani kwa kawaida una chokaa iliyokwisha kuzimwa, yaani imeshanyweshwa maji kiwandani ikarudi kuwa unga. Hii ni heri kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu ile isiyozimwa ina hatari. Huwekwa ndani ya maji mengi kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya lundo lake, maana hapo hulipuka kwa mvuke na kurusha matone ya moto usoni. Hata iliyozimwa si ya kuchezewa: ni kali kwa ngozi na kali zaidi kwa macho. Vaa miwani, jipake mafuta mikononi kabla ya glavu, na tone likiingia jichoni osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda hospitali bila kusubiri uone kama litapoa lenyewe. (Ajabu ni kwamba chokaa hii hii, ikiwa laini na kidogo sana, ndiyo inayopakwa kwenye jani la tambuu pamoja na popoo. Mabibi wa Lamu na Unguja walioitafuna miaka yote wangenicheka kwa kusema habari za miwani.)

Unga wa dukani usiupake siku ile ile. Jaza maji nusu ya pipa la plastiki, mimina unga taratibu, koroga kwa mti mpaka hakuna madonge, kisha acha maji yakae juu yake kimo cha vidole vinne na ufunike. Usiku mmoja ndio uchache wake. Wiki ni bora. Miezi ni bora kuliko wiki. Chokaa inavyokaa majini ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo na laini, nayo hushika ukuta vizuri zaidi. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, anataja sheria ya zamani iliyowakataza wajenzi kutumia chokaa ambayo haijatimiza miaka 3. Sijui ofisi yoyote ya ujenzi ya leo ambayo ingethubutu kumwambia mkandarasi asubiri hivyo.

Siku ya kazi, chota uji ulioshuka chini, kipimo kimoja kwa viwili au vitatu vya maji, uchuje kwa kipande cha chandarua kuukuu. Maji yawe ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi. Ya bahari hapana. Mchanganyiko uwe na wepesi wa maziwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa jicho linatamani uzito. Wanaona ndoo nyepesi hivyo wanadhani wamepunjwa, wanaongeza unga mpaka inakuwa rojo, wanapaka mara moja wakijiona wajanja. Baada ya siku chache ukuta unapasuka mistari myembamba na kuanza kutoa vumbi. Kila aliyesoma shule yenye kuta za chokaa anajua habari hiyo: ukiegemea, unaondoka na mgongo mweupe. Chokaa imelaumiwa kwa migongo hiyo kizazi baada ya kizazi, na kosa si lake. Ilipakwa nene, juu ya ukuta mkavu, saa sita mchana.

Maana ukuta lazima ulowe kwanza. Unasuguliwa kwa brashi ngumu kuondoa vumbi, ukungu na ndago zilizoota nyufani. Nyufa zenyewe zinazibwa kwa chokaa na mchanga mlaini usio wa pwani (wahenga walituonya juu ya ufa, juu ya ukungu hawakusema, na ukungu ni adui vile vile). Kisha ukuta unamwagiwa maji mpaka jiwe linakataa kunywa zaidi. Likiacha kuchuruzika, anza. Jiwe kavu hufyonza maji yote ya chokaa kwa mpigo mmoja na kuacha unga juu yake, nao ukikosa unyevu hauwezi kuivuta hewa ukaa na kugeuka jiwe. Kwa sababu hiyo hiyo fundi hukimbia jua. Asubuhi hupaka upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki, na siku za kaskazi yenye upepo mkavu huutundikia ukuta magunia yaliyoloweshwa. Vijana huona ni mbwembwe.

Brashi nzuri ni pana na nene, ya katani. Kumbi la nazi lililopondwa ncha lilifanya kazi hiyo kabla ya maduka. Inachovywa, inakung'utwa, inapakwa huku na huku bila mpangilio wa mistari, ikisukumwa ndani ya vinyweleo vya jiwe. Ndoo ikorogwe kila baada ya muda mfupi, maana chokaa haipendi kuelea. Dakika chache za maongezi zinatosha kukufanya upake maji matupu.

Halafu huja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi, hakuna kinachoonekana. Chokaa iliyolowa inapitisha mwanga, hivyo unalitazama jiwe lile lile, madoa yale yale, na aliyekuajiri amesimama nyuma yako mikono kiunoni. Asiyejua hurudia papo hapo kwa hasira na kuharibu. Anayejua huweka brashi chini, hunywa kahawa, hungoja. Maji yanapoondoka weupe hujitokeza kutoka ndani, kwanza kwenye kingo, kisha katikati, na kesho yake ukuta una rangi ambayo jana haukuwa nayo. Hunyunyiziwa maji kidogo, hupakwa wa pili, hungojwa tena siku nzima. Mitatu ndiyo kima cha chini kwa ukuta wa nje; mitano ikiwa ukuta ni mpya au unakabili bahari. Sidhani kuna kazi nyingine ya ujenzi inayomtaka fundi aamini kitu asichokiona kwa muda mrefu namna hiyo, kisha imlipe kwa uaminifu kila mara.

Juu ya viungo vya kuongeza, kila mtaa una madhehebu yake. Dhehebu kubwa ni la chumvi. Wanatia kibaba kizima wakisema inaishikisha, na kuna ukweli ndani yake: chumvi huvuta unyevu, chokaa ikakauka polepole. Kwa shina la mwembe au ua wa udongo, sitagombana nao. Kwa nyumba ya matumbawe nakataa. Kuta hizo zimekwisha kushiba chumvi ya upepo wa bahari. Ukiongeza nyingine, kila kiangazi inaganda kuwa punje chini ya uso wa ukuta na kuusukuma nje. Wengine hutia maziwa yaliyoganda na kuondolewa mafuta, ambayo hutengeneza gundi nzuri pamoja na chokaa, ingawa ndoo ikilala hadi kesho majirani watajua. Tone la buluu ya kufulia nguo huondoa umanjano, na jua la pwani likiupiga ukuta huo unaweza kukuumiza macho. Mimi sitii. Umanjano kidogo unaupendeza ukuta. Anayetaka rangi nyingine achekeche udongo mwekundu au wa manjano mpaka uwe kama poda ya mtoto, aloweke, achanganye kwa kiasi kidogo. Rangi za udongo huvumilia ukali wa chokaa, ilhali nyingi za mimea hufifia.

Mafuta ndiyo kiungo cha maana kuliko vyote kwa sehemu inayopigwa na maji, na walioelewa hili vizuri kuliko waashi ni mabaharia. Chombo kikipandishwa pwani, sehemu yake ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu, wakati ubavu wa juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Weupe ule unaouona tumboni mwa jahazi lililoegeshwa si urembo. Unasaidia kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na deheni hiyo hurudiwa kila chombo kinapopandishwa. Fundi wa nyumba anaweza kuiga kwa kiasi: akiwa na chokaa isiyozimwa, hutia kipande cha shahamu wakati inachemka, ikayeyuka na kusambaa. Ukuta hupata uwezo wa kukataa mvua, ila ukizidisha mafuta utakataa na mkono unaofuata.

Sasa habari ya saruji, maana hapo ndipo dharau ilipopata nguvu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale ya pwani ile ile. Cha Wazo, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Mfuko wa saruji ni mwepesi kuupata, unakauka haraka, ni mgumu. Kwa nyumba ya matofali ya saruji hakuna ubaya. Ubaya ulikuja ilipopigwa juu ya kuta za zamani. Ukuta wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mnene, wa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo, na daima una maji ndani yake: yanapanda kutoka ardhini, yanashuka kutoka paani. Chini ya chokaa maji hayo hutoka nje polepole. Chini ya lipu ya saruji na rangi ya plastiki hayana njia, yanageuka kuelekea ndani, yanaozesha vichwa vya boriti, na siku moja lipu yote inaachia kwa kishindo. Mwenye nyumba, kwa huzuni, anaongeza saruji.

Wahifadhi wamelielewa hilo. Zanzibar ina mamlaka ya kuulinda Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikifuata mwaka 2001. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyokuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004, yaliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyaimarisha. Lakini ufundi hauponi kwa magofu peke yake. Unapona pale nyumba inayokaliwa na watu inapopakwa upya kabla ya Ramadhani au Maulidi kwa sababu ndiyo desturi, bila kungoja mradi wala mfadhili. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kaka na dada wa umri wa sekondari, wakisimamiwa, wanaweza kuumaliza ukuta wa uani katika likizo fupi, kwa gharama ya mfuko mmoja au miwili.

Kama ukuta wako tayari una rangi ya plastiki, usipake chokaa juu yake. Haitapata pa kushika. Kwangua yote kwanza, au subiri ianguke, ambalo kwa ukuta wa matumbawe si jambo la kusubiri sana. Usipake juu ya mabati, wala kwenye fremu za alumini, ambazo chokaa huzila. Na uji ukibaki baada ya kazi, usimwage. Ongeza maji juu yake yaufunike, weka mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuuinua, andika chokaa kwa herufi kubwa ubavuni mwa pipa. Maadamu hewa haiufikii hautaganda, na mwakani utakuwa laini kuliko wa mwaka huu.